Muziki bila waya: Anayeongeza sauti yuko nje, mtoto yuko jirani na sabufa

Zamani, aliyetaka kuongeza sauti ya redio ilimbidi anyanyuke, asogee ilipo na kuzungusha kitufe kwa mkono wake. Akizidisha, wa kwanza kuumia masikio alikuwa yeye mwenyewe.

Siku hizi mambo yamegeuka. Katika nyumba nyingi za Ifakara, iwe Kibaoni, Mlabani au Viwanja Sitini, nyimbo ziko kwenye simu au kompyuta mpakato, spika ziko sebuleni, na katikati hakuna waya. Kijana anakaa nje chini ya mwembe, anagusa kioo cha simu, na sabufa inaunguruma ndani. Yeye yuko mita nane kutoka kwenye spika. Mdogo wake wa mwaka mmoja amelala kwenye mkeka, hatua moja tu kutoka kwenye sabufa hiyo hiyo.

Kila anapoona muziki haumfikii vizuri, kijana anaongeza. Hana nia mbaya, ila sauti anayoisikia yeye siyo anayoisikia mtoto.

Muziki unasafirije?

Njia inayotumika zaidi majumbani ni Bluetooth. Wahandisi wa kampuni ya Ericsson ya Sweden walianza kuibuni mwaka 1994, na baadaye ikapewa jina la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Simu au kompyuta hubana wimbo na kuurusha kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Sabufa huyapokea na kuyageuza kuwa sauti.

Vifaa vingi vya nyumbani hufanya kazi vizuri katika umbali wa mita 10 hivi. Ukuta wa tofali, hata miili ya watu waliojaa sebuleni, hupunguza nguvu ya mawimbi hayo, ndiyo maana muziki hukatikakatika mwenye simu anapozunguka nyuma ya nyumba.

Bluetooth yenyewe haili bando. Kinachokula bando ni kuuvuta wimbo kutoka mtandaoni. Nyimbo zilizokwisha hifadhiwa kwenye simu hupigwa hata mahali pasipo na mtandao, jambo linalozisaidia familia zinazohamia mashambani msimu wa mpunga na kubeba spika ndogo ya kuchaji kwa sola.

Mwenye redio kubwa ya zamani naye hana haja ya kuiuza. Vipo vipokezi vidogo vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye tundu la waya wa sauti nyuma ya redio, na baada ya hapo inaunganishwa na simu kama sabufa mpya.

Wapo wazazi wanaohofia mawimbi hayo kuliko muziki wenyewe. Vifaa vingi vya Bluetooth vya nyumbani hurusha kwa nguvu ya miliwati 2.5 hivi, kiwango kidogo sana kikilinganishwa na kile ambacho simu inaweza kufikia inapopigwa. Madhara ambayo hayana ubishi ni ya kelele.

Sikio lina kikomo

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe hai ndogo zenye vinyweleo, zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha, na ikiendelea huziua. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Kwa watoto, saa hizo 40 ni kwa desibeli 75. Sauti ikipanda, muda salama hupungua haraka: kwenye desibeli 90, mtu mzima anabakiwa na saa nne tu kwa wiki nzima. Shirika hilo linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki.

Umbali nao una hesabu yake. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli sita hivi. Sabufa inayotoa desibeli 90 kwa aliye mita moja, humfikia aliye mita nane ikiwa desibeli 72. Kukiwa na ukuta katikati, wa nje anapata pungufu zaidi. Kwake ni muziki wa kawaida, lakini kwa mtoto aliye kando ya spika, kiwango cha wiki kinaisha haraka.

Besi ina tabia yake pia. Hupenya kuta kuliko sauti nyembamba, hivyo mtoto aliye chumba cha pili anaweza asiyasikie maneno ya wimbo, lakini mdundo ukamkatiza usingizi.

Wakazi wa bonde la Kilombero wana historia ndefu ya kulinda usingizi wa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kituo cha utafiti cha Ifakara kiliendesha mradi wa KINET uliosambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Chandarua humzuia mbu, lakini kelele inapita. Na kwa joto la Ifakara, madirisha huachwa wazi, hivyo sabufa ya nyumba moja humfikia pia mtoto wa jirani.

Familia ifanye nini?

Mfumo huu mara nyingi una vidhibiti viwili vya sauti: cha simu na cha sabufa yenyewe. Mzazi anaweza kuvitumia kuweka kikomo. Pandisha simu hadi mwisho, kisha simama pale mtoto anapolala au kucheza na ushushe kitufe cha sabufa mpaka watu wawili walio umbali wa mkono mmoja waweze kuzungumza bila kupaza sauti. Hapo weka alama ya kalamu. Kuanzia hapo, atakayeshika simu ataweza kupunguza, lakini kuongeza kupita alama hataweza.

Baadhi ya sabufa huunganisha vidhibiti hivyo viwili, na ukigusa simu cha sabufa nacho kinapanda. Jaribu kwanza. Ikiwa ndivyo, makubaliano yawe kwenye namba inayoonekana kwenye kioo cha sabufa.

Sabufa isikae karibu na kitanda wala mkeka wa mtoto, wala isigusane na ukuta wa chumba cha kulala. Mnaotaka muziki nje, toeni spika nje na kuisogeza karibu yenu. Haitahitaji sauti kubwa. Kubalianeni pia saa ya kuzima usiku, na anayemiliki simu aifuate kama wengine, hata akiwa baba mwenye nyumba.

Mtoto anayetaka arudiewe maneno kila mara, anayesogea karibu sana na televisheni, asiyegeuka akiitwa kwa nyuma au anayelalamika mlio masikioni, apelekwe kituo cha afya akapimwe. Vivyo hivyo anayetoka usaha sikioni. Asitiwe mafuta wala dawa ya kienyeji, kwani ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, chochote kinachomiminwa kinaweza kupenya ndani na kuongeza madhara. Mtoto mdogo hawezi kueleza kwamba hasikii vizuri, na asiposikia anachelewa kuongea na kubaki nyuma darasani, huku nyumbani akionekana mkaidi.