Damu Kwenye Uti wa Mshale

Jua linapozama, mwindaji wa Kihadzabe huingia kambini kimya. Hajigambi wala hatangazi. Huketi miongoni mwa wanaume wenzake, na damu iliyokaukia kwenye uti wa mshale wake ndiyo inayotoa habari. James Woodburn, mwanaanthropolojia aliyeanza kufanya utafiti kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliieleza desturi hiyo. Wakati huo mnyama mwenyewe bado yuko porini, na huenda bado anatembea.

Wahadzabe hawazidi sana watu 1,000. Wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania, na baadhi yao hadi leo hupata chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Upinde wao ni mgumu: kuuvuta kunataka nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 30 hivi.

Hata hivyo, kwa pofu, pundamilia au twiga, nguvu ya mkono haitoshi. Kigumba cha chuma hupakwa sumu ya utomvu wa waridi la jangwani, au ya mbegu za mmea uitwao Strophanthus eminii. Sumu zote mbili huvuruga mapigo ya moyo hadi moyo unasimama. Mnyama akichomwa, uti huweza kuchomoka na kuanguka huku kigumba kikibaki mwilini.

Hapo mwindaji hujizuia. Mnyama anayefukuzwa huenda mbali, pengine hadi mahali asipoweza kufikiwa. Asiyemwona adui nyuma yake hupunguza mwendo, akatafuta kichaka, akalala. Basi mwindaji hutazama alikoelekea, huokota uti wa mshale, hufuata nyayo kidogo ili ajue njia, kisha huiachia sumu muda wa kufanya kazi. Ikiwa giza limekaribia, safari ya kumtafuta huwa ya kesho asubuhi.

Subira hiyo haiko Eyasi peke yake. Huko Marekani, wanaowinda kulungu wa mkia mweupe hutumia mishale yenye wembe bila sumu, lakini nao husubiri, na damu ndiyo huwaambia wasubiri kwa muda gani. Damu nyangavu yenye povu imetoka mapafuni: nusu saa yatosha. Damu nzito iliyokolea huenda imetoka kwenye ini, na hiyo hutaka saa kadhaa. Mshale ukionekana na uchafu wa kijani wenye harufu, tumbo limetobolewa, na kulungu huachwa nusu siku au usiku kucha.

Asubuhi, Mhadzabe huondoka na wenzake. Macho mengi huona kisichoonwa na mawili: tone la damu kwenye jani, nyasi zilizolala, ukingo wa kwato ambao upepo haujaumomonyoa. Alama zikipotea kwenye mawe, wafuatiliaji hurudi kwenye ile ya mwisho waliyo na hakika nayo, wakaanza kuzunguka kutoka hapo. Wakati mwingine habari hutoka juu, tai wanapoanza kushuka. Hapo mwendo hubadilika kuwa mbio, kwa sababu fisi na simba nao huwaona tai.

Mbio hizo zina sababu. Katikati ya miaka ya 1980, watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walifuatana na wawindaji wa Eyasi wakihesabu siku zao. Waligundua kwamba katika asilimia 97 ya siku za kuwinda, mwindaji hakupata mnyama mkubwa. Ni kama mnyama mmoja kwa mwezi kwa kila mwindaji. Akichomwa mshale kisha akapotea, kambi nzima imepoteza nyama ambayo mwindaji huipata mara chache.

Akipatikana, nyama iliyolizunguka jeraha hukatwa na kutupwa kwa sababu ya sumu. Inayobaki hugawanywa, na watu wa kambini huja kuibeba, wale ambao jana jioni waliuona uti wenye damu bila mtu kuwaambia neno. Kihadza kina majina ya pekee ya wanyama waliouawa, tofauti na yale wanayoitwa wakiwa hai. Sasa ndipo jina hilo hutamkwa kwa sauti.