Binti Asiende Shule na Njaa

Mkulima, je, utamfunga ng'ombe wako plau kabla hajala? La, maana wajua atachoka upesi na shamba halitalimika. Basi mtazame binti yako wa miaka 14. Alikula saa mbili ya usiku. Saa kumi na mbili ya asubuhi amekwisha teka maji na kufagia, naye ashika njia ya shule na kikombe cha chai tupu tumboni. Saa 10 zimepita bila chakula.

Msichana asiyekula asubuhi mara nyingi hupunguza mwendo bila kujijua: hukaa zaidi, hucheza kidogo. Njaa humzidi, na mchana hula kupita kawaida yake. Lakini chakula cha mchana hakirudishi masomo ya asubuhi. Usimwite mvivu.

Tena mwili wake unakua, na kila mwezi hupoteza damu. Kwa hiyo huhitaji madini ya chuma kuliko mvulana wa umri wake. Chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia madini hayo yasiingie vizuri mwilini.

Fanyeni hivi:

1. Mpeni uji wa wimbi wenye maziwa, na yai likipatikana.

2. Chemsheni viazi vitamu au nduma jioni, asubuhi viwe tayari.

3. Ndugu zake wavulana nao wateke maji, ili apate nafasi ya kuketi ale.

Wimbi na viazi mnavyo shambani. Kilichobaki ni kumpa binti nafasi.