Mwaka 2100 Mezani Petu: Tuijue Programu ya En-ROADS



Mtoto aliyeanza madrasa mwaka huu, Mwenyezi Mungu akimjaalia umri mrefu, ataufikia mwaka 2100 akiwa na wajukuu. Atakuta hali ya hewa ya namna gani, na bahari iliyosogea mpaka wapi? Wiki hii tumekaa na swali hilo sebuleni, kompyuta ikiwa mezani, tukijaribu programu inayosaidia kulifikiria. Inaitwa En-ROADS. Imetengenezwa na shirika la Climate Interactive kwa ushirikiano na wataalamu wa MIT, Marekani, na hutumika bure kwenye intaneti.

Kwanza tuondoe shaka. Hii si ramli, wala hakuna anayedai kujua ghaibu. Nahodha auonapo mwezi mpevu hujua kuwa maji ya bamvua yamekaribia, kwa kuwa ameusoma mwendo wake. Programu nayo hufanya hesabu. Haisemi "itakuwa hivi". Husema "watu wakitenda hivi, mambo yataelekea huku".

Ukiifungua utaona michoro miwili. Wa kushoto huonyesha nishati itumiwayo duniani: makaa ya mawe, mafuta, gesi, jua, upepo na kadhalika. Wa kulia huonyesha gesi joto zinazotolewa angani. Kando yake pana nambari kubwa, nayo ni ongezeko la joto la dunia kufikia mwaka 2100. Kabla hujagusa chochote, nambari hiyo huzidi nyuzi 3, ilhali mjini Paris mwaka 2015 mataifa yaliafikiana joto libaki chini kabisa ya nyuzi 2, na wajitahidi lisipite 1.5.

Chini ya michoro pana mistari yenye vitufe vya kuburuta kushoto na kulia, kila kimoja kikiwa ni uamuzi ambao dunia inaweza kuuchukua. Ushauri wetu kwa mgeni ni huu: gusa kitufe kimoja kwa wakati, tazama nambari, kisha kirudishe kabla ya kujaribu kingine. Na kabla ya kukigusa, kila mmoja katika familia akisie kwanza.

Sisi tulikisia vibaya. Tulianza na kupanda miti, tukasukuma kitufe hadi mwisho, na joto likapungua sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Mti huchukua miaka mingi kukua, na ardhi ina mipaka. Tukaongeza ruzuku ya nishati ya jua na upepo. Nayo haikutosha, maana mitambo ya makaa iliyokwisha kujengwa huendelea kufanya kazi, na nishati ikiwa rahisi hutumiwa zaidi. Tozo juu ya kaboni ndiyo iliyoishusha nambari waziwazi, lakini bei ya nishati ikapanda. Hapo mmoja wetu akauliza: ni nani atakayemlipia mjane anayepikia gesi? Programu haikujibu. Hilo ni swali la uadilifu, na wa kulijibu ni sisi wanadamu.

Mwisho tuliona kuwa hakuna kitufe kimoja kinachotosha. Sharti vingi visogezwe pamoja. Makaa ya mawe yana uzito wa pekee, na wakaazi wa Lamu hawahitaji kuelezwa hilo. Mwaka 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa uliokusudiwa kujengwa huko, baada ya wenyeji kuupinga.

Tusiitwishe programu hii mzigo usio wake. Huhesabu dunia nzima. Haitakwambia kama vuli itanyesha vyema Kilifi. Kwa hayo tuisikilize Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga. Wala asione mtu kuwa mikoko haina faida: hupunguza nguvu ya mawimbi na ni malezi ya samaki, hata kama haiwezi peke yake kuipoza dunia.

Basi jaribuni jioni moja baada ya Isha, wazazi pamoja na watoto. Mwacheni mdogo aburute kitufe na mkubwa aeleze kwa nini nambari imesogea. Huenda swali gumu zaidi likatoka kwa yule atakayeuona mwaka 2100, inshaallah.