Pango la Kambare wa Xingu

Kambare tunayemjua Afrika Mashariki ni mvumilivu: maji yakipungua hupumua hewa, akajificha topeni kusubiri mvua. Hypancistrus zebra, kambare wa Brazil asiyezidi sana sentimita 8, mwenye mistari myeusi na myeupe, hakuumbwa kwa shida za namna hiyo. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 1991, na makao yake ya asili ni mahali pamoja tu duniani: Volta Grande, pale mto Xingu unapojipinda katika jimbo la Pará. Huko hukaa ndani ya nyufa za miamba, ambako mkondo wa kasi huleta oksijeni na kufagia tope. Jike hutaga pangoni mayai ambayo mara nyingi hayafiki 20, kisha dume hubaki kuyalinda. Kiumbe azaaye kwa uchache huo hana akiba ya kufidia hasara. Kinachoziba nyufa hizo kinakata kizazi hata kama hakuna samaki aliyevuliwa.

Ndiyo maana naona lawama za kumhatarisha samaki huyu zimewaelemea mno wafanyabiashara wa samaki wa mapambo. Ni kweli uzuri wake umemponza: Brazil ilipiga marufuku kumsafirisha nje, magendo yakaendelea, na mwaka 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, zikakubali kumwingiza katika Kiambatisho cha 2, orodha ya viumbe ambao biashara yao hudhibitiwa. Lakini mvuvi humchukua samaki na kuliacha pango. Bwawa la Belo Monte, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2016, linaweza kuchepusha hadi asilimia 80 ya maji yaliyokuwa yakipita Volta Grande. Mkondo ukilegea, maji hupata joto, mashapo hutuama, na nyufa hujaa.

Watetezi wa bwawa watajibu kwamba megawati 11,233 bila kuchoma makaa si jambo dogo. Si dogo, ila huo ni uwezo wa juu; kwa kuwa Xingu hupwa sana kiangazi, wastani uliotarajiwa tangu mwanzo haukufika nusu yake. Wengine husema samaki huyu hatatoweka, maana wafugaji wa Ulaya na Asia wanamzalisha kwenye matangi. Wanamzalisha vizuri, tena nawapongeza. Hata hivyo, vifaranga wa tangini hawana pa kurudishwa ikiwa nyufa zimezibwa. Kiasi cha maji yatakayoachwa yapite Volta Grande kuzisafisha kinabishaniwa kwenye leseni ya bwawa, inayotolewa na Ibama, taasisi ya mazingira ya Brazil.