Unataka kuwa mwandishi? Anza na maneno 100 kwa siku

Vijana wengi wa Mtwara wana stori kali, ila daftari likifunguliwa maneno yanagoma. Mara nyingi shida si kipaji. Ni kusubiri siku yenye nafasi, na siku hiyo haiji.

Shaaban Robert hakuisubiri. Alikuwa karani wa forodha, akaandika mashairi huku akiwa mwajiriwa. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alianza kuandika akiwa na miaka 21, ugenini Uingereza.

Wewe anza hivi:

1. Chagua muda ulionao tayari. Unasubiri kivuko cha Msangamkuu? Andika hapo hapo kwenye simu.

2. Weka kiwango kidogo. Maneno 100 kwa siku ni 3,000 kwa mwezi. Hiyo tayari ni hadithi fupi.

3. Andika ulichokiona: mikono ya mama anayebangua korosho, mashua zinazorudi Mikindani, ugomvi wa bei ya samaki sokoni.

4. Usisahihishe siku hiyo hiyo. Makosa yasubiri Jumapili.

Ukiruka siku moja, usijilaumu wala usilipe deni la jana. Kesho andika maneno yako 100 kama kawaida.

Ukizoea, ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayopokea kazi za Kiswahili. Lakini tuzo inaweza kusubiri. Bibi yako wa Msimbati je? Hadithi zake zisipoandikwa, ataondoka nazo.