Sabuni ya nguo za mtoto mchanga: Usidanganywe na harufu



Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali ambayo akina mama, hasa wa uzazi wa kwanza, hutuuliza kliniki, hili halikosekani: “Daktari, nimfulie mwanangu kwa sabuni gani?” Mara nyingi anayeuliza ameshazunguka maduka ya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi, na ameonyeshwa pakiti yenye picha ya mtoto anayecheka. Ameambiwa kuwa hiyo ndiyo sabuni ya watoto. Ameinusa, akaipenda, lakini bei imemshinda. Sasa anajiona kama mama asiyemtendea haki mwanawe.

Mama huyo namtoa wasiwasi. Picha iliyo kwenye pakiti haioshi nguo. Kinachomdhuru mtoto ni kile kinachobaki kwenye nguo baada ya kufuliwa, na kile nguo ilichowekewa ilipokuwa kabatini. Hili la kabati ndilo zito zaidi, na tutalifikia.

Ngozi ya kichanga

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na kinga yake ya juu bado haijakamilika, hasa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ukilinganisha na uzito wake, eneo la ngozi yake ni kubwa kuliko letu. Kwa hiyo kitu kinachopenya kwenye ngozi humfika kwa kiasi kikubwa zaidi.

Hata hivyo, si kila kipele kinasababishwa na sabuni. Watoto wengi hupata vipele vyekundu katika siku za mwanzo, na huondoka vyenyewe bila dawa. Shuku nguo unapoona wekundu au ukavu kwenye sehemu nguo inapobana: shingoni, kwapani na kiunoni. Vipele vyenye usaha, au mtoto mwenye homa au asiyenyonya, usihangaike na sabuni, mpeleke hospitali.

Sabuni ipi inafaa?

Chagua sabuni isiyo na manukato makali wala rangi nyingi, na yenye alama ya ubora ya TBS. Sabuni ya mche ya kawaida inatosha kabisa. Sabuni ya unga nayo si haramu kwa mtoto, lakini nyingi zina manukato, vimeng'enya na vitu vya kung'arisha nguo, ambavyo baadhi ya watoto huwawasha. Ukiitumia, weka kidogo, na hakikisha imeyeyuka yote kabla hujatia nguo.

Jihadhari na sabuni ya maji inayouzwa mitaani katika chupa zilizokwishatumika, zisizo na maandishi. Hujui imechanganywa na nini wala kwa kipimo gani. Jiki nayo iweke mbali na nguo za kichanga, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi, kwani inaweza kutoa hewa ya sumu ndani ya nyumba. Dawa za kulainisha nguo hazina ulazima. Kazi yake ni kubaki kwenye uzi wa nguo, na sisi tunataka pasibaki kitu.

Nguo mpya pia zifuliwe kabla ya kuvaliwa. Zile seti za kichanga zilizofungwa kwenye nailoni hubaki na dawa za kiwandani, na kanga mpya ina wanga na rangi inayochuja. Mitumba ndiyo kabisa, ifuliwe zaidi ya mara moja.

Kusuuza ndiyo nusu ya kazi

Hapa afya na fiq-hi vinakutana. Allah (s.w.) ameamrisha kutakasa nguo katika Suratul Muddaththir, aya ya 4. Na katika madh-hab ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu huku pwani tunaifuata, kinachotoharisha najisi ni maji halisi. Maji yaliyobadilika mno kwa sabuni hata yakatoka katika jina la maji, hayatoharishi, japokuwa yenyewe si najisi. Maana yake, nepi iliyotolewa kwenye povu na kuanikwa moja kwa moja haijatoharika kwa ajili ya swala, na kitabibu imebaki na sabuni inayokwenda kukaa kwenye ngozi ya mtoto pamoja na mkojo na joto.

Fanya hivi: kwanza ondoa choo chote na umwagie nepi maji. Maji yakiwa machache, yasiyofika kullatain, usiitumbukize nepi yenye najisi kwenye ndoo; yamimine maji juu yake. Kisha fua kwa sabuni. Mwisho suuza kwa maji mapya, mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke meupe bila povu na nguo isiteleze mkononi.

Wengine watasema mkojo wa mtoto wa kiume anayenyonya tu hunyunyiziwa maji. Ni kweli, ipo hadithi sahihi ya Ummu Qays (r.a.) kuhusu jambo hilo. Hiyo ni tahafifu kwa ajili ya tohara. Haina maana kwamba mtoto aachwe na nepi iliyokauka na mkojo.

Tunajua maji ni tatizo. Katika ukame wa mwaka 2022 wakazi wa Dar es Salaam walipewa maji kwa mgao baada ya Mto Ruvu kupungua. Anayenunua maji kwa dumu hujikuta akibana kwenye kusuuza. Ushauri wetu ni kupunguza sabuni. Ukiweka sabuni kidogo, maji ya kusuuzia nayo yatakuwa kidogo. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu haraka, watu huongeza sabuni, na utando wake hubaki kwenye nguo. Kama una dumu moja tu la maji baridi ya bomba, liweke kwa ajili ya suuza ya mwisho.

Hatari iliyo kabatini

Sasa tuje kwenye lile zito. Wamachinga huuza vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kufukuza wadudu, vyenye harufu kali. Vingi vimetengenezwa kwa kemikali iitwayo naftalini. Chukulia mfano nguo za mtoto wa kwanza zimehifadhiwa sandukuni na vidonge hivyo. Mdogo wake anazaliwa, nguo zinatolewa, anavishwa siku hiyo hiyo.

Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu ni wa kurithi, huwapata zaidi wavulana, na ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria, ikiwemo pwani yetu. Mtoto huonekana mzima. Lakini akivuta harufu ya naftalini au ikipenya kwenye ngozi yake, chembe za damu hupasuka kwa wingi. Damu hupungua na manjano hupanda. Manjano yakizidi huingia kwenye ubongo, na anayenusurika anaweza kubaki kiziwi au mwenye ulemavu wa ubongo. Madaktari wa Ugiriki waliandika mwaka 1963 kuhusu vichanga waliopatwa na hali hii kwa sababu ya naftalini, wapo waliofariki.

Mafuta huisaidia naftalini kupenya kwenye ngozi, nasi watoto wetu tunawakanda kwa mafuta ya nazi. Kwa hiyo nyumba yenye kichanga isiwe na vidonge hivyo kabisa. Nguo zilizohifadhiwa navyo zianikwe nje mpaka harufu iishe, zifuliwe, zisuuzwe, zianikwe tena. Kama bado zinanuka, asivishwe. Na udi, pamoja na uzuri wake, usifukize nguo za kichanga juu ya chetezo. Moshi humsumbua kifua.

Dalili za kukimbiza hospitali

Kwenye ngozi yetu nyeusi manjano hujificha. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa mchana, angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akiwa mlegevu, hanyonyi, amepauka, au mkojo wake una rangi ya chai, usingoje kesho. Kumwanika juani si tiba ya manjano makali. Hospitali kuna taa maalumu na, ikibidi, huongezewa damu. Mweleze daktari kama nguo zilikuwa na vidonge vya kabatini.

Ndugu msomaji, mtoto ni amana. Mche wa sabuni, maji safi ya kusuuzia na kabati lisilo na vidonge havihitaji utajiri. Nguo ya kichanga iliyo safi haina harufu yoyote.

Allah (s.w.) awalinde watoto wetu. Aamiin. Wabillahi tawfiiq.