AJALI ZA JIKONI WAKATI WA KUTENGENEZA ACHARI

Msimu wa maembe unapowadia, majiko mengi ya Unguja na Pemba hushughulika kuliko kawaida. Maembe machanga hukatwa na kuanikwa juani, ndimu hupasuliwa na kutiwa chumvi, na chupa tupu zilizowekwa akiba tangu mwaka uliopita hutolewa na kuoshwa. Achari huliwa pamoja na pilau na biriani, huchangamsha wali siku ambayo mchuzi ni mwepesi, na kwa familia kadhaa ni njia ya kujipatia riziki ya halali.

Hata hivyo, kazi hiyo haikosi ajali. Ziko ajali zinazoonekana papo hapo, kama vile mafuta kuruka, chupa kupasuka au pilipili kuingia jichoni. Ziko pia zinazojificha ndani ya chupa kwa majuma kadhaa na kudhihirika baada ya mlaji kuugua. Makala haya yanaeleza aina zote mbili, sababu zake na namna ya kujikinga nazo.

MAMBO YANAYOIHIFADHI ACHARI

Achari haiozi upesi kwa sababu ya mambo matatu, nayo ni uchachu, chumvi na ukavu. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo uchachu unavyozidi. Maji safi huwa karibu na 7. Maji ya ndimu huwa kati ya 2 na 3, na embe changa kwa kawaida huwa chini ya 4. Wataalamu wa chakula wameweka mpaka wa 4.6, kwa kuwa chini ya hapo kijidudu hatari kuliko vyote katika vyakula vya chupa hakiwezi kuota na kutoa sumu.

Chumvi hufyonza maji kutoka katika embe au ndimu na kuwanyima vijidudu maji wanayoyahitaji. Jua nalo hukamilisha kazi hiyo kwa kukausha. Ama mafuta ambayo wapishi wengi huyategemea, yenyewe hayana uchachu wala hayaui vijidudu. Kazi yake ni kuzuia hewa isiifikie achari, na kwa njia hiyo huzuia koga. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani ndilo chanzo cha hatari itakayoelezwa baadaye.

MOTO, PILIPILI NA SIKI

Ajali ya kwanza kwa wingi ni mafuta ya moto. Haradali, uwatu, tangawizi au kitunguu thomu vikitumbukizwa vikiwa vibichi kwa maji, maji hayo hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta usoni na mikononi. Viungo vyote vifutwe na kukaushwa kabla ya kukaangwa, na watoto wasiwe karibu na jiko. Iwapo mafuta yatashika moto, yasimwagiwe maji kabisa. Jiko lizimwe, sufuria ifunikwe kwa mfuniko wake, nayo iachwe hapo hapo ilipo hadi ipoe.

Aliyeungua awekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Dawa ya meno, ute wa yai na mafuta visipakwe, kwa sababu huzuia joto kutoka na huweza kuingiza uchafu katika jeraha. Jeraha kubwa, au lililo usoni, lipelekwe hospitali.

Pilipili mbuzi nayo ina ukali usioyeyuka katika maji. Ndiyo maana mtu aliyekata pilipili na kunawa kwa maji matupu huendelea kuwashwa mikono hadi usiku, na akijigusa jicho huumia zaidi. Mikono ipakwe kwanza mafuta ya kupikia, kisha ioshwe vyema kwa sabuni. Aliyeingiwa na pilipili jichoni aoshe jicho kwa maji mengi safi bila ya kulisugua. Aidha, pilipili ikaangwe mahali penye upepo wa kutosha, kwa kuwa moshi wake huweza kumletea shida kubwa mtu mwenye pumu.

Kuhusu siki, ile ya kawaida ya kupikia ina asidi kiasi cha asilimia 5. Ipo pia asidi ya aina hiyo hiyo iliyo kali mara nyingi zaidi, ambayo hutumika viwandani. Hiyo huunguza ngozi, koo na macho, na haifai kuingizwa jikoni hata kwa nia ya kuizimua. Mnunuzi asome maandishi ya chupa kabla ya kulipa, na siki isiyo na maandishi yoyote asiinunue.

VYOMBO VINAVYOSALITI

Asidi na chumvi hula madini. Achari ikipikwa au ikilazwa katika sufuria ya alumini, chombo hutoboka vishimo vidogo na achari hupata ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Chombo cha shaba ni kibaya zaidi, kwani shaba iliyoyeyuka katika siki au ndimu huleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Vyombo vifaavyo ni vya kioo, vya kaure isiyopasuka, na vya chuma kisichoshika kutu. Makopo ya plastiki yaliyowahi kuwekewa dawa, rangi au mafuta ya taa yasitumiwe hata yakioshwa mara kumi.

Chupa ya kioo iliyo baridi ikimiminiwa achari ya moto hupasuka, kwa sababu upande wa ndani hutanuka kabla ya upande wa nje. Chupa ipashwe moto kwanza katika maji ya uvuguvugu, kisha ikaushwe, na iwekwe juu ya kitambaa au ubao badala ya sakafu baridi. Achari inayoachwa ichachuke yenyewe kwa chumvi hutoa gesi. Ikijazwa hadi mdomoni na kufungwa barabara, huweza kurusha mfuniko au kuvunja chupa. Katika siku za mwanzo mfuniko ulegezwe kila siku ili gesi itoke.

ACHARI INAYOHARIBIKA KWA DHAHIRI

Mara nyingi achari huharibika kwa sababu ya kijiko kibichi. Mtu huchota achari kwa kijiko kilichotoka kuoshwa, maji machache huingia, na baada ya siku chache utando mweupe huonekana juu. Utando huo ni ishara kwamba hewa inaingia na uchachu umeanza kuliwa. Ukifuatiwa na koga lenye manyoya, la kijani au jeusi, chupa nzima itupwe. Kuondoa sehemu ya juu na kula ya chini hakufai, kwa kuwa koga hupunguza uchachu wa achari yote na kuufungulia mlango uovu mwingine. Wapo wanaoona uchungu kuitupa kazi ya juma zima, lakini wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Achari inayolainika na kuteleza kwa kawaida imepungukiwa na chumvi au siki. Baadhi ya watu hupunguza chumvi kwa kuhofia shindikizo la damu. Hofu hiyo ni ya haki, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Njia iliyo salama ni kula achari kidogo. Kupunguza chumvi ndani ya chupa huiondolea achari mojawapo ya nguzo zake.

Lipo jambo moja linalowatisha wapishi bila sababu, nalo ni kitunguu thomu kugeuka rangi ya kijani au buluu ndani ya siki. Rangi hiyo hutokana na asidi kukutana na vitu vya asili vilivyomo katika kitunguu chenyewe, na haina madhara.

HATARI ISIYOONEKANA

Kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum huishi udongoni, na mbegu zake hushikamana na mboga zinazoota ardhini, hasa kitunguu thomu, karoti na tangawizi. Mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka. Zikikuta mahali pasipo na hewa, pasipo na uchachu wala chumvi ya kutosha, na penye joto kama la nyumba zetu, huota na kutoa sumu kali mno. Sumu hiyo huleta ugonjwa wa botulizimu, ambao hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Chakula chenye sumu hiyo huenda kisiwe na harufu, rangi wala ladha ngeni.

Hapa ndipo mazoea yanapomponza mpishi. Achari ya embe changa na ya ndimu ina uchachu wake wa asili, kwa hiyo kina bibi waliitia mafuta na kuiweka miezi mingi bila ya kudhurika. Mpishi wa leo akichukua kanuni ile ile na kuitumia kwa kitunguu thomu, karoti au pilipili ndani ya mafuta matupu, amebadilisha jambo kubwa. Mboga hizo hazina uchachu wa kutosha, na mafuta yanayozuia koga huzuia pia hewa, hivyo humtengenezea kijidudu huyo makao anayoyapenda. Hata embe lenyewe hupoteza uchachu kadiri linavyoiva, na kwa hiyo embe bivu lisitumiwe mahali pa embe changa bila ya kuongezwa siki.

Mambo haya yamekwishathibitika. Mwaka 1985, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua botulizimu baada ya kula katika mkahawa mmoja chakula kilichotiwa kitunguu thomu kilichokatwakatwa na kuwekwa katika mafuta. Chupa zake zilipaswa kukaa katika jokofu, lakini ziliwekwa nje. Baada ya tukio jingine la namna hiyo mwaka 1989 katika jimbo la New York, Marekani iliagiza kwamba kitunguu thomu cha mafuta kinachouzwa kitiwe asidi.

Mwaka 1997, katika jimbo la Illinois nchini humo, mtu mmoja aliugua baada ya kula mayai aliyoyatia siki mwenyewe nyumbani. Aliyachemsha, akayadunga kwa vijiti vya meno, akayatia katika chupa ya siki pamoja na pilipili, na chupa ikakaa siku 7 bila ya kutiwa katika jokofu, mara nyingine juani. Ilipopimwa, siki ilikuwa na kipimo cha 3.5, lakini kiini cha yai kwa asili yake hakina uchachu wa kutosha. Kwa maneno mengine, siki ilikuwa kali ipasavyo ila yaelekea haikufika ndani. Mtu huyo alitibiwa na kupona.

KANUNI ZA KUFUATWA

Kutokana na maelezo hayo, wananchi wanashauriwa kufuata mambo yafuatayo:

1. Kitunguu thomu, karoti, pilipili na mboga nyingine zisizo chachu zitiwe siki isiyopungua asilimia 5, nayo isizimuliwe kwa maji. Mafuta yaje baadaye, si badala ya siki.

2. Mboga zikatwe vipande vidogo ili siki na chumvi vipenye hadi ndani.

3. Udongo wote uoshwe, kisha mboga, chupa na vijiko vikaushwe kabisa.

4. Kitunguu thomu kilichotiwa katika mafuta bila ya siki kiwekwe katika jokofu, na kiliwe ndani ya siku chache. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kitupwe.

5. Kila chupa iandikwe tarehe iliyotiwa achari.

6. Chupa ambayo mfuniko wake umefura, au inayorusha povu inapofunguliwa ilhali haikukusudiwa kuchachuka, isionjwe. Ifungwe ndani ya mfuko na kutupwa mahali ambapo watoto, kuku na paka hawafiki.

DALILI ZA UGONJWA

Dalili za botulizimu mara nyingi huanza baina ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa huweza kuchelewa kwa siku kadhaa. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope huanguka, ulimi huwa mzito, kinywa hukauka, kumeza huwa kugumu, na udhaifu hushuka kutoka kichwani kuelekea mikononi na miguuni. Kwa kawaida hana homa, na akili yake hubaki timamu, jambo linaloweza kuwafanya jamaa wadhani kuwa ni uchovu tu au kuwa amepatwa na jambo jingine. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, na daktari aelezwe vyakula vyote alivyokula. Chupa iliyobaki ihifadhiwe ili iweze kupimwa.

KWA WANAOUZA NA KWA WATUMISHI

Mtu anayetengeneza achari kwa ajili ya kuuza anabeba dhamana ya walaji asiowajua. Anashauriwa kufika kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na Taasisi ya Viwango Zanzibar ili apate maelekezo ya usajili na upimaji. Karatasi za kupimia uchachu ni nyepesi kutumia, na akinamama wa kikundi kimoja wanaweza kuchangia kuzinunua. Kipande cha mboga kisagwe kwanza ndipo kipimwe, kwani kupima siki peke yake hakuonyeshi yaliyomo ndani ya kipande.

Maafisa wa afya wa wilaya, walimu wa sayansikimu na masheha wanaombwa kuyafikisha maelezo haya katika shehia zao, hasa kwa vikundi vya akinamama na vijana wanaojiajiri kwa kusindika vyakula, kabla maembe ya msimu ujao hayajaanza kuangushwa.